Hodhi la Maji ya Chumvi

Mama aliletwa Garissa juu ya lori la unga, mwaka wa pili baada ya uhuru, akiwa na kanga mbili, kikombe cha bati na tasbihi. Nilimpokea penye kizuizi cha askari karibu na daraja la Tana. Vumbi lilikuwa limemfunika hata kope. Aliposhuka alinishika mkono, akauliza jambo moja tu: maji yale chini ya daraja yanakwenda wapi. Nikamwambia yanakwenda baharini. Akayatazama kitambo, kisha tukatembea kwenda nyumbani.

Mimi ndiye mtoto wake pekee aliyebaki hai. Nilikuwa nimeajiriwa katika ofisi ya mifugo, kazi yangu kupima damu za ng'ombe na ngamia, na kupima maziwa kama yametiwa maji. Sikuwa na mke. Nilipewa nyumba ya serikali yenye chumba, sebule ndogo, na paa la bati lililokuwa likilia kila jua lilipopanda. Mama alikuwa mtu wa kijiji kimoja cha upande wa bara, kaskazini ya Lamu, ambako wanawake huenda mwambani maji yakipwa wakaokota kauri na kuchokoa pweza kwa ufito wa chuma. Alianza kazi hiyo angali msichana mdogo, na ndiyo aliyonilea kwayo.

Kijiji hicho hakipo tena. Shifta, wale wapiganaji wa Kisomali wa msituni, walikuja asubuhi moja, wakachukua nafaka na nguo, wakatia moto makuti. Wakamchukua na mjomba wangu, ndugu yake mdogo mama, awabebee mizigo. Hakurudi. Waliosalia walipanda mashua wakatawanyika, wengine Lamu, wengine Malindi. Mama alikaa Malindi miezi mitatu kwa jamaa zetu, katika nyumba iliyojaa wakimbizi hata watu wakalala kwa zamu, ndipo nilipotuma neno aje kwangu. Wapo waliosema ni wazimu kumtoa mtu penye moto uliozimika na kumpeleka penye moto unaowaka. Huenda walisema kweli. Lakini sikuwa na mahali pengine pa kumweka.

Garissa ilimnyamazisha. Hakuwa mgonjwa, wala hakulia. Alipika, alisali, alifagia, kisha akakaa juu ya mkeka akiuelekea ukuta. Nyama ya ng'ombe aliila kidogo kwa kunistahi. Maziwa ya ngamia hakuyagusa. Mara kwa mara alikuwa akiniuliza mwezi ni ngapi, na mimi nikadhani anahesabu siku za kukaa kwake, mpaka siku moja nilipomjibu kuwa ni mwezi kumi na tano, akasema polepole, kama anayezungumza na mtu aliye chumba cha pili: "Bamvua leo. Saa nne mwamba utakuwa wazi mpaka ukingoni, na hapana hata mtu mmoja wa kwenda."

Bamvua huja mwezi ukiwa mpevu na mwezi ukiandama, maji yanapopwa na kujaa kuliko siku zote. Maneno yake ndiyo yaliyonitia fikra. Afisa mmoja Mzungu aliyerudi kwao baada ya uhuru alikuwa ameacha katika ghala ya ofisi tangi la kioo lenye fremu ya chuma, alilokuwa akifugia samaki wadogo wa mtoni. Nikaliomba, nikapewa. Nilikuwa na rafiki, dereva wa lori la bidhaa za madukani, mtu wa bara, Mkristo, mpole sana, aliyekuwa akienda Malindi katika msafara wa magari yanayolindwa na askari. Nikampa chupa kubwa nne za kioo tulizokuwa tukiwekea maji safi ya maabara, nikamwomba azijaze maji ya bahari, na jamaa zetu wa Malindi wamtafutie samaki wadogo wa mabwawa ya mwambani. Hakuniuliza kwa nini. Alisema tu kuwa amewahi kubeba mambo mabaya zaidi.

Mama sikumwambia. Nilitaka kumshangaza, na hilo lilikuwa kosa la kwanza. Samaki walifika wanane, hai watano. Nikamimina maji, nikatandaza mchanga wa mtoni, nikawatia siku ileile, nikaliweka tangi sebuleni kinyume cha mkeka wake. Aliporudi kutoka uani akasimama. Alikaa akawatazama mpaka magharibi, na mimi nikalala nikiwa na furaha ya kijinga.

Siku ya pili maji yalikuwa na ukungu. Siku ya tatu kutu ilianza kuvuja katika pembe za chuma, na samaki wakawa juu, midomo wazi, wakinyonya hewa. Siku ya nne walikuwa wamekufa wote. Nilipotaka kuwatupa kabla mama hajaamka, nikamkuta ameketi mbele yao.

"Umewatia mautini," akasema. Nikamwomba msamaha. Akasema hakuna wa kuombwa msamaha, ila nimefanya haraka. Kisha akasema maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu alipofika. Kwamba bahari na chuma havipatani, kila mwenye mashua anajua hilo. Kwamba mchanga wa mto ni uchafu wa mto. Kwamba dimbwi la mwambani haliishi kwa maji, linaishi kwa jiwe, na jiwe lina watu wake wadogo wasioonekana ambao ndio wafagizi. Kwamba samaki hutanguliwa na wafagizi, si wafagizi kutanguliwa na samaki. Nilisimama na kopo la kuwatolea samaki waliokufa mkononi, nikamsikiliza kama mwanafunzi. Mwisho akauliza kama rafiki yangu wa lori atakwenda tena.

Basi tukaanza upya, yeye akiwa ndiye mkuu wa kazi.

Fundi mwashi wa mjini alitujengea hodhi la saruji sebuleni, kimo chake kama cha meza, urefu kama wa mtu aliyelala. Upande wa mbele tulitia kile kioo cha tangi la zamani, tukakikaza kwa lami badala ya puti ya mafundi wa vioo. Mama akakataa kutia maji ya bahari. Alisema saruji mpya inawasha hata mkono wa mtu, sembuse samaki. Tukalijaza maji ya Tana, tukayaacha siku tatu, tukayamwaga, tukajaza tena. Tulifanya hivyo kwa muda wa wiki saba. Majirani zangu wa nyumba za serikali, makarani na walimu wa kutoka bara, walidhani mama anafua nguo za jeshi zima.

Hewa ilikuwa shida. Umeme haukufika kwetu. Nikachukua tyubu ya gurudumu la lori, nikaijaza kwa bomba la mkono mpaka ikavimba, nikaunganisha mpira mwembamba wa maabara, nikaubana kwa kibanio ili hewa itoke kidogo kidogo. Tyubu moja iliweza kupumua nusu siku. Lakini mapovu yalitoka makubwa, yakapasuka juu bila ya faida. Hapo ndipo aliposaidia mtu ambaye mama hakutaka kumwona.

Kila asubuhi alikuja mwanamke wa Kisomali kutuletea maziwa. Alikuwa na umri kama wa miaka arobaini, mrefu, na alikuwa akikaa bula, yaani mtaa wa vibanda wa ng'ambo ya soko. Mama aliposikia sauti yake mlangoni aliingia chumbani akafunga mlango. Lugha ile aliisikia mara ya kwanza ikitoa amri siku kijiji chake kilipochomwa moto, na masikio yake hayakujua kuitenganisha na moto ule. Nilimwambia kuwa huyu ni muuza maziwa tu, Mwislamu mwenzetu, mama wa watoto. Akanijibu kuwa hata wale walisema bismillahi walipoingia.

Muuza maziwa aliyaona mapovu yangu makubwa, akacheka kidogo, akaniuliza nataka nini. Nikamweleza. Akatoa mswaki aliokuwa nao kinywani, wa mti ule wanaouita caday, akanionyesha nyuzi za ncha yake. "Walaal, weka hii," akasema, akiniita ndugu kwa lugha yao. "Hewa itabita kwa nyele." Nilichukua kijiti kipya, nikakitafuna ncha, nikakichomeka kwenye mpira. Mapovu yakatoka madogo kama ukungu. Mama alipouliza nani amenifunza, nilimwambia kweli. Mswaki hakuuondoa, na kila wiki ulipooza aliniambia nibadilishe.

Maji ya bahari yakaja kwa safari tatu. Mchanga ulikuja ndani ya magunia, mweupe, wa matumbawe yaliyosagika, na mawe yalikuja yamefunikwa magunia mabichi ambayo dereva alikuwa akiyanywesha maji ya bahari kila msafara uliposimama. Mama aliyapokea mawe hayo kwa mikono miwili. Aliyanusa moja moja, na mawili akayatupa nje akasema yamekufa njiani. Yaliyobaki aliyapanga mwenyewe, mapango yakiangalia mahali pasipo na mwanga. Kisha tukangoja. Maji yalitia ukungu, yakatakata, yakaota kijani, yakatakata tena. Mwezi mzima hatukutia kiumbe. Nilipomhimiza alisema, "Wewe ulipozaliwa hukupewa nyama siku ya kwanza."

Ukali wa maji niliupima kwa kipima-maziwa cha ofisini, kile cha kioo kinachoelea. Maziwa mazuri hukielesha karibu na alama ya ishirini na nane hivi. Maji yetu ya Malindi yalikielesha kwenye ishirini na tano. Joto la Garissa lilikuwa likiyanywa maji hayo. Kila siku yalishuka upana wa kidole, na mimi kwa ujinga nikawa nikijazia maji ya bahari, mpaka kipimo kikapanda na kupita cha maziwa. Mama alichovya kidole akaonja. Akasema jua linakunywa maji, halinywi chumvi, kwa hiyo nijazie maji matamu. Tangu siku hiyo tulikinga mvua kila iliponyesha, na isiponyesha tulichuja maji ya mto kwa mkaa na kitambaa. Yeye alionja, mimi nikapima, na mara nyingi tulikubaliana.

Wa kwanza kuingia walikuwa kaa wadogo waishio ndani ya magamba ya konokono, kumi na wawili. Wakafuata konokono, na jongoo wa baharini mmoja wa kusafisha mchanga. Jamaa walituletea pia kiti cha pweza, kile kiumbe chenye umbo la nyota, chekundu, kizuri sana, nami nilikitaka, lakini mama alikataa katakata. Alisema kinatambaa kama kipofu lakini kinajua kufungua mlango wa kila chaza. Mwisho ndipo walipoingia samaki: watatu wa buluu wenye mkia wa manjano, na kitatange mmoja mdogo asiyezidi kidole gumba. Wanne tu. Nilitaka zaidi. Akasema kijiji kinaharibika kwa kujazana, amekwisha kuona Malindi.

Jambo jingine alilolitaka lilinishinda kulielewa. Alitaka maji yapwe na kujaa. Mara mbili kwa siku nilipaswa kuvuta maji kwa mpira mpaka ncha za mawe zitoke nje, niyaweke katika chupa, kisha baadaye niyarudishe kwa kuyamimina kutoka juu. Nilimwambia samaki hawajui saa wala mwezi. Akasema, "Wao hawajui. Mimi najua." Nilifanya kwa kumridhisha, na baada ya wiki nikaona maji yamekuwa mang'avu kuliko yalivyowahi kuwa, na samaki wanakula. Maji yaliyokuwa yakianguka kutoka juu yalikuwa yakichukua hewa nyingi kuliko tyubu yangu.

Alianza kula. Alianza kuniamsha alfajiri kwa kuniita jina langu la utotoni. Aliwalisha samaki vipande vya mayai na nyama ya kamba mkavu, akizungumza nao Kibajuni cha kwetu, cha ndani kabisa, ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nikikisahau. Wakati huohuo mambo nje yalikuwa yakizidi kuwa mabaya. Mabomu yalianza kutegwa ardhini, barabarani, na misafara ikapungua. Mifugo ya watu waliodhaniwa kuwasaidia shifta ilikamatwa ikaletwa katika mazizi ya ofisi yetu. Ngamia walisimama katika jua siku nzima wakilia. Kazi yangu ilikuwa kuwatoboa mshipa wa sikio na kuchukua damu. Nilifanya kazi hiyo bila ya kuangalia nani amesimama nje ya ua.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata nilitumwa upande wa Masalani kuchanja ng'ombe, safari ya siku mbili. Wakati wa kurudi, gari lililotutangulia lilikanyaga bomu. Watu wawili walikufa. Barabara ikafungwa, nasi tukazuiwa katika kituo cha askari siku tatu zaidi. Huko nilisikia kwamba Garissa imewekwa amri ya kutotoka nje, usiku na mchana, na kwamba bula imezingirwa inapekuliwa. Nilimfikiria mama aliye peke yake, kisha, naona haya kusema, nikafikiria tyubu. Mikono ya mama haikuwa na nguvu za kutosha za kulisukuma lile bomba.

Yaliyotokea nyumbani nilisimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hayakupingana.

Amri ilitangazwa asubuhi muuza maziwa akiwa mlangoni kwetu. Gari la kipaza sauti lilipita, na nyuma yake milio ya bunduki ikasikika upande wa soko. Mama alikuwa amefunga mlango wa chumba kama kawaida. Mwanamke yule hakubisha, hakuingia. Alikaa kizingitini na kibuyu chake, kichwa kikiwa katikati ya magoti. Watoto wake watatu walikuwa bula, binti mkubwa akiwaangalia wenzake. Mama alimtazama kupitia ufa wa mlango. Aliniambia kwamba alimtazama kwa muda wa kusoma Yasini nzima. Kisha akatoka, akamshika mkono akamvuta ndani, akafunga komeo.

Jioni tyubu iliisha hewa. Mama akajaribu bomba akashindwa. Mwanamke yule akalichukua akalisukuma, lakini mahali fulani palikuwa na tundu na hewa haikukaa. Samaki wakaanza kupanda juu. Mama akachukua kikombe chake cha bati, akachota maji akayamimina kutoka juu, akachota tena akamimina. Alipochoka mgeni wake alinyoosha mkono akakipokea. Hivyo ndivyo walivyofanya siku tatu, kwa zamu, mmoja akichota na mwingine akipumzika au akisali. Chakula kilikuwa mchele na yale maziwa. Mama aliyanywa.

Siku ya pili ndipo walipozungumza. Mama ndiye aliyeanza. Alimweleza juu ya ndugu yake: jinsi alivyofungwa magunia mawili mgongoni, jinsi alivyogeuka mara moja penye minazi, na jinsi yeye mama alivyomwita na ndugu yake akaogopa kuitika. Alisema mpaka leo hajui kaburi lake. Kisha akamuuliza yule mwanamke, wazi wazi, kama miongoni mwa wale watu walikuwamo watu wake.

Yule mwanamke hakuacha kuchota maji. Akasema, "Eddo, mimi sijui. Bengine. Ndugu ya bwana yangu alienda msituni, hatujamuona tena. Sitakudanganya." Eddo ni shangazi kwao, ndivyo wanavyomwita mwanamke wa kuheshimiwa. Baadaye akaendelea: "Bwana yangu walimshika sokoni, mwaka sasa. Ngamia yangu walichukua yote, waliacha moja ya maziwa tu. Fita imekula ndugu yako na imekula nyumba yangu. Kama unataka kuniambia nitoke, nitatoka."

Mama akamwambia, "Nipe kikombe, upumzike."

Kisha yule mwanamke akamwambia jambo jingine ambalo mama alilificha kwa muda mrefu kabla ya kunieleza. Kwamba siku ngamia wake walipokuwa zizini alisimama nje ya ua, na akamwona aliyewatoboa masikio. Nilikuwa mimi. Alinitambua, kwa kuwa alikwisha kuniletea maziwa siku nyingi. Mama akamuuliza kwa nini basi aliendelea kuja. Akasema alikuwa na watoto, na ofisi yetu ndiyo iliyobaki na watu wanaonunua; na tena aliniona naosha jeraha la ngamia mmoja kabla ya kumchoma sindano, akajua kuwa sikuwachukia. Mimi hilo jeraha silikumbuki. Nimejaribu mara nyingi kulikumbuka.

Niliporudi siku ya tano, nikiwa nimejaa vumbi na woga, nilimkuta mama amelala juu ya mkeka na mwanamke yule ameketi kando ya hodhi, kikombe kikipanda na kushuka. Samaki wawili wa buluu walikuwa wamekufa. Mmoja na kitatange walikuwa hai. Aliniambia amri imeondolewa tangu asubuhi lakini hakuweza kumwacha eddo mpaka nifike. Akakiweka kikombe chini, akajifunga shuka, akaenda kuwatafuta watoto wake.

Aliwapata hai. Kibanda chao kilikuwa kimebomolewa, na watu wa sehemu ile walihamishiwa katika kijiji cha ulinzi kilichozungushiwa miiba na waya nje ya mji, wakitoka asubuhi kwa kibali na kurudi kabla ya jua kuchwa. Kwa kuwa hata ngamia yule mmoja hakuwapo tena, maziwa hayakuwapo. Lakini kila alipopata kibali alikuja. Alikaa na mama mbele ya kioo, mmoja akisema Kiswahili chake cha pwani na mwingine chake cha sokoni. Alipenda kuwatazama kaa wakibadilisha magamba. Alisema ndivyo wao walivyokuwa wakihama, na nyumba mgongoni, kabla ya serikali kuweka waya. Sikuwahi kumsikia mama akisema kuwa amesamehe. Sidhani kama alisamehe. Ila mlango wa chumba haukufungwa tena.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Tana ilifurika, mbu wakajaa, na mama akashikwa na homa. Nilimpeleka hospitali nikamrudisha, kwa kuwa vitanda havikutosha na yeye mwenyewe alitaka nyumbani. Alikuwa na homa siku sita. Siku ya tano aliniuliza mwezi ni ngapi, na mimi katika machafuko yale sikujua. Nikatoka nje mchana kumuuliza mpita njia, na niliporudi nikamwambia ni mwezi mosi. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia. Alifariki kesho yake baada ya adhuhuri, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Hapo ndipo nilipotambua jinsi tulivyokuwa wageni. Mwanamume haoshi maiti ya mama yake, na mama hakuwa na dada, binti wala mkwe mahali pale. Wake za majirani zangu walikuwa Wakristo. Walikuja wakalia nami, wakapika, lakini hawakujua namna ya kuosha. Nilitaka kumtafuta mke wa mwalimu wa madrasa. Kabla sijatoka, muuza maziwa alifika akiwa na wanawake wawili wa umri wake. Sijui nani alimpelekea habari ndani ya waya, wala alipata vipi kibali siku ile. Aliuliza sanda iko wapi na maji yako wapi.

Walimwosha chumbani. Mimi nilikaa sebuleni nikisikia maji yakimiminwa na sauti zao zikisoma. Walipomaliza muuza maziwa alitoka, mikono mibichi, akaniambia, "Walaal, ingia umuone. Amekuwa msafi." Kisha akakaa chini, na kwa mara ya kwanza nikamwona akilia. Alilia bila ya sauti, kanga ya mama ikiwa mapajani mwake. Nilimwambia aichukue. Tulimzika mama alasiri ile katika makaburi ya mji, na wanaume waliobeba jeneza wengi wao walikuwa Wasomali nisiowajua majina, waliokuwa wakipokezana bega njia nzima.

Nilijaribu kulitunza hodhi. Nilivuta maji na kuyarudisha, nilipima, nilionja. Lakini barabara ya pwani ilifungwa tena, maji mapya hayakuja, na kipimo changu na ulimi wangu havikukubaliana kama vilivyokuwa vikikubaliana vyetu wawili. Kitatange alikufa kwanza. Wa buluu aliishi muda wa kushangaza, peke yake, akijificha katika pango lilelile, kisha asubuhi moja sikumwona. Nilimwaga maji nyuma ya nyumba. Mahali pale majani hayakuota mpaka nilipoondoka.

Muuza maziwa alikuja mpaka arubaini ya mama ikapita, akasoma, akala, akaenda. Wiki mbili baadaye nilisikia kuwa kijiji chao kimegawanywa, na baadhi ya watu wamepelekwa upande wa Wajir. Nilikwenda penye lango la waya nikamuuliza askari wa zamu. Aliniuliza jina lake, na nikagundua kuwa silijui. Mama alikuwa akimwita mwanangu, na mimi nilikuwa nikimwita dada. Nilimweleza urefu wake na idadi ya watoto wake. Askari hakuwa mtu mbaya. Alimwita mwenzake, wakaulizana, wakatazama daftari lao, kisha akaniambia kwa upole kwamba wanawake warefu wenye watoto watatu wako wengi mno.

Vita vilipokwisha nilipewa uhamisho wa Malindi. Siku ya kuondoka nilizuru kaburi la mama, nikakuta mtu amelizungushia mawe madogo meupe, yamepangwa vizuri, na mchanga umefagiwa. Nilimuuliza mlinzi wa makaburi. Akasema ni mwanamke anayekuja Ijumaa moja moja, na kwamba mwisho alikuja kabla ya mvua. Niliketi pale mpaka dereva aliponiita, kisha nikamwachia mlinzi anwani yangu ya Malindi niliyoiandika katika kipande cha karatasi, nikamwomba ampe. Kama alimpa sijui. Barua haikuja.